Jina Lililoishia Kitabu cha Tano

Vitabu vyake vilikuwa kumi na kimoja. Nilivihesabu nikapata kumi na kimoja, kisha nikavihesabu tena kuanzia upande mwingine wa rafu, maana ukirudia hesabu kwa njia ileile unarudia kosa lako tu. Vilikuwa kumi na kimoja. Vyote vya safari na hatari: mapango, mamba, majambazi wa mpakani, jangwa lenye mchanga unaoimba mchana kutwa. Vilikuwa vidogo vya kuingia mfukoni, na karatasi yake ni ile ya kahawia inayonuka kama gunia lililokaa stoo misimu miwili.

Mimi nauza vitabu vilivyokwisha kusomwa. Niko na kontena hapa Kitengela, mlango wake unatazama mashariki, na asubuhi jua likiingia vumbi linasimama katikati kama mtu anayechagua kitabu. Katika kontena hiyo niliandika, kwa miaka mitatu, kitabu changu mwenyewe juu ya mtu aliyeandika vile kumi na kimoja: aliishi vipi, na kazi yake ilikuwa na uzito gani. Mchapishaji wa Nairobi aliyeniagiza alikiita wasifu wa kihakiki. Mimi nilikiona ni kazi ninayoijua tangu zamani, ya kushika mzigo wa mtu mkononi na kusema ukweli kuhusu uzito wake.

Alikuwa mteja wangu kabla ya kuwa kitabu changu. Alikuja kila Jumamosi, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu hata kukiwa na joto, na alinunua kitu kimoja tu: vile vitabu vidogo vya safari, tena si vyote, vile vitano vya kwanza. Akikuta nakala mbili za kimoja, anachukua zote. Alipatana bei kama mtu aliyefundishwa na mama yangu.

"Hiki nipunguzie, mama. Mgongo umeng'oka."

"Mzee, hata wako umepinda na hakuna aliyekupunguza."

Akacheka bila sauti, mabega tu. Nikaona nimsaidie.

"Halafu huyu mwandishi usimlipie sana. Hajawahi kuona mamba. Mamba wake wanapanda miti."

Akakigeuza kitabu, akatazama jalada, mahali kijana mwenye mkuki alikuwa ananing'inia kwenye tawi na mamba nyuma yake, tawi lilelile.

"Ni kweli," akasema. "Hajawahi."

"Wewe unajuaje?"

"Si ni mimi."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Hata hivyo sikumpunguzia.

Baada ya siku hiyo alianza kukaa. Nilimpa kile kiti cha plastiki kisicho na mkono mmoja, na akikalia hicho alinisimulia maisha yake polepole, vipande vipande, na mimi nilikuwa nauza huku nasikiliza, kwa hiyo mengi yamebaki kichwani mwangu yakiwa yamechanganyika na bei za vitabu vya hesabu za darasa la saba. Alikuwa karani wa stesheni, Kajiado, zamani zile. Gari la moshi la magadi lilikuja likarudi, na kati ya kuja na kurudi hakukuwa na kitu. Reli inakwenda mbali ikiungana na mng'aro, upepo unapita kwenye nyaya za simu, mbuzi wanavuka bila kuangalia kulia wala kushoto. Mtu akikaa hapo saa sita, alisema, anaanza kuona maji mahali hapana maji, na kwenye maji anaona mashua, na kwenye mashua kuna mtu. Yeye alichukua daftari la stesheni akaandika huyo mtu alikuwa anakwenda wapi.

Yeye mwenyewe hakwenda popote. Mombasa alifika mara moja, kwa mazishi, na mvua ilinyesha siku zote mbili hata bahari hakuiona vizuri. Niliposikia hivyo nilijua nina sura ya kwanza.

"Andika," aliniambia nilipomwomba ruhusa. "Lakini usinibembeleze. Nimebembelezwa sana na walimu wa shule za msingi. Inatosha."

Alikufa nikiwa sura ya tatu. Niliendelea bila kumbembeleza, kama tulivyokubaliana.

Sura ya nne niliipa makosa yake. Yalikuwa sitini na tatu. Mara ya pili nilipohesabu yakawa sitini na nne, kwa sababu kumbe minazi ya Turkana nilikuwa nimeisamehe. Shujaa anakunywa chai Moyale na kuoga Ziwa Viktoria siku hiyohiyo, kwa miguu. Simba wanaogelea. Mamba wanapanda. Niliandika pia jambo lililonisumbua kidogo: kwamba kuanzia kitabu cha sita makosa yanapungua ghafla. Mamba wanakaa majini kama mamba wa watu wengine. Safari zinachukua siku zinazostahili. Na utamu nao umepungua, kama chai iliyochemshwa mara ya pili.

Sura ya sita ndiyo niliyojivunia. Katika vitabu vitano vya kwanza shujaa ana jina. Ni jina fupi, la Kimaasai, la silabi mbili, na watoto wa umri wangu tulilipiga kelele tukiruka mitaro. Kuanzia cha sita hana. Ni "yule kijana". Yule kijana akainuka, yule kijana akatazama upeo wa macho, kurasa mia na kitu bila mtu hata mmoja kumwita. Nilimwaga wino hapo. Nilisema huu ni uvivu wa mwandishi aliyemchoka shujaa wake mpaka kumwita kumekuwa kazi. Nilisema hata mchuuzi wa nyanya anajua jina la mteja wake wa kila siku. Mchapishaji alinipigia simu akicheka, akasema sura hiyo ndiyo itakayozungumzwa. Halafu akapata wazo: kitabu kiitwe jina hilohilo la shujaa, peke yake, kwa herufi nyekundu jalada zima.

"Watu wa rika letu wakiliona tu, mama, watanunua wakilia."

Nikakubali. Kilichobaki ni picha na sahihi ya familia, na familia ilikuwa mtu mmoja: dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Kajiado, upande ule ambao nyumba zinaachana mpaka kila moja inabaki na anga yake.

Nilikwenda nikiwa na uhakika wa mtu aliyekaa huku miaka mingi. Nilibeba sukari kilo mbili na majani chai. Nilijua kusalimu kwa Kimaasai, na kwamba mama mzee huitwa yeyo.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," akajibu, akanipa mkono. Alikuwa mwembamba, macho yake yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, na alinitazama kidogo pembeni, kama anayesikiliza badala ya kuona. Mbuzi wake walikuwa wanapita nyuma ya nyumba kwenda zizini, na mimi nikageuza uso kwa adabu. Wazazi wangu walikuja huku kutoka Murang'a, lakini mimi nimekulia huku, na najua mifugo ya mtu haihesabiwi. Walikuwa thelathini na wawili.

Tukanywa chai. Alinihadithia kaka yake alivyokuwa msumbufu wa chumvi kwenye chakula. Aliniuliza mume wangu yuko wapi, nikamwambia, akasema afadhali. Kulikuwa na upepo ule wa saa nane unaovuta mabati taratibu bila kuyang'oa, na nakumbuka nikifikiri kwamba sijawahi kufanya biashara rahisi kama hii. Nikatoa karatasi ya ruhusa, nikaitandaza mezani, na kwa sababu hakuweza kusoma kwa macho yale nikamsomea mimi. Nikamwambia kitabu kitaitwaje. Nikalitamka lile jina, kwa sauti nzuri, kama ninavyoita wateja.

Aliweka kikombe chini. Hakukiweka juu ya meza, alikiweka sakafuni, kama mtu ambaye meza imeondoka. Kisha akachukua fimbo yake akatoka.

Nilikaa pale na karatasi yangu. Nilihesabu mabati ya dari. Nilihesabu tena. Alipokosa kurudi nikamfuata.

Alikuwa zizini, mkono umewekwa juu ya mgongo wa mbuzi mmoja mweusi.

"Yeyo, nimekosea nini?"

"Hiyo jina ulitoa wapi?"

"Kwa vitabu vyake. Ni ya yule shujaa."

"Hiyo ilikuwa mtu," akasema.

Nikaacha kuhesabu mbuzi. Kwangu hilo ni tukio.

"Ilikuwa mdogo wetu, wa mwisho. Hakuoa. Hakuacha mtoto. Mtu kama huyo akienda, jina tunaiacha na yeye hapo. Mzee akienda ako na watoto, sawa, jina inabaki, watoto wataitwa nayo. Lakini huyu nani angembebea?" Akampapasa mbuzi. "Hata kama ilikuwa pia jina ya kitu, kama mti ama nini, hapa nyumbani tungetafutia hiyo kitu jina ingine."

"Lakini yeyo, nyinyi ni watu wa kanisa."

"Kanisa iko. Nikiomba nasema ndugu yangu. Mungu hajawahi niuliza ni yupi."

Nikamuuliza kilichomuua. Sijui kwa nini nilitarajia kitu kikubwa, labda kwa sababu nilikuwa nimemfuata kijana huyo tangu nikiwa darasa la nne akitoka salama kwenye kila shimo.

"Homa. Jumanne alikuja anashika kichwa. Ijumaa hakuwa." Akatazama upande wa reli, ambayo kutoka pale haionekani. "Na kwa kitabu alikuwa ameshinda simba tatu."

Wanne, nilitaka kusema. Nikajizuia.

Ndipo aliponieleza kazi yangu, mimi mhakiki, akiwa amesimama kwenye mavi ya mbuzi. Mdogo wao hakusoma shule, yeye ndiye aliyechunga. Jioni alipitisha mifugo stesheni, akakaa kwenye sakafu ya saruji, na karani akamsomea alichoandika siku hiyo. Na mchungaji hakukubali hovyo. Alikuwa anasimamisha.

"Ati mamba kubaki kwa maji? Akasema hapana, hiyo ni kazi rahisi, mimi nitapanda tu mti nimalize. Wacha mamba na yeye apande. Sasa hapo kuna kazi!" Alicheka, na kwa mara ya kwanza nikakiona kwake kicheko kile cha kaka yake cha mabega, lakini chake kilikuwa na sauti. "Na kutembea. Akiambiwa Moyale ni siku kumi, anasema ya nani? Mimi nafika kesho."

Nilishika ukingo wa zizi. Sitini na nne. Nilikuwa nimeyapanga kwa ukurasa na mstari, nimeyapa namba, na yalikuwa mabishano ya ndugu wawili kwenye sakafu ya stesheni, gari halijaja.

Akaniongoza mpaka chumbani kwa marehemu karani. Palikuwa na kitanda, koti, na rafu, na kwenye rafu kulikuwa na vile vitabu vitano vya kwanza, nakala juu ya nakala, vingine vikiwa bado na alama yangu ya penseli ndani ya jalada. Nilifungua kimoja. Kila mahali jina lilipokuwa palikuwa na mstari mweusi wa wino, umenyooka, umepigwa kwa rula. Nilifungua kingine. Ukurasa baada ya ukurasa, vidirisha vidogo vyeusi, vimefungwa vizuri. Miaka yote ile nilipodhani ananunua sifa yake alikuwa anamrudisha mtu nyumbani, na mimi nilikuwa nampandishia bei kwa sababu nilijua lazima atachukua.

"Alisema zote hawezi pata," dada akasema mlangoni. "Lakini atapunguza."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambiaje? Ingebidi aitaje."

Kuhusu karatasi yangu hakupandisha sauti. Alisema kidole chake hakitagusa wino. Picha nichukue, maisha ya kaka yake niandike, hata uvivu wake niseme, alikuwa mvivu kweli, kuni hakuwa anapasua. Lakini jina lile likiwekwa jaladani, kwa rangi nyekundu, kwenye maduka, watoto wataliita barabarani, na yeye atasikia.

"Itatembea huko nje kama mtu hana kwao," akasema. "Mimi ndio nimebaki wa kumlindia. Nikienda, sijui."

Nilirudi Kitengela, na hatima ya mswada wangu wa kurasa mia mbili na kumi na mbili ikiwa mikononi mwa dada huyo. Kwa siku kadhaa nilikaa kontenani bila kupatana bei na mtu. Mteja akitaja bei namkubalia, mpaka jirani yangu wa viatu akaja kuuliza kama ni malaria. Nje uwanda ulikuwa umekauka na kuwa mweupe, upepo unachukua karatasi za nailoni unazipeleka Isinya bila haraka, na mimi nilikuwa nasoma upya vitabu vya sita hadi kumi na kimoja kama mtu anayepita nyumba aliyoizoea na kukuta kiti kimoja kimeondolewa. Cha sita kinaanza hivi: kijana anatoka kwenye mto, ng'ambo ya pili, maji yanamtiririka, na hageuki nyuma. Hatuambiwi aliingilia wapi. Nilikuwa nimeandika kwamba mwandishi amesahau kutupa mwanzo.

Halafu nikampigia mchapishaji.

"Jina litoke," nikasema. "Jaladani na ndani."

"Mama, hilo jina ndilo kitabu chenyewe."

"Basi kitabu hakipo."

"Subiri. Kwa jalada tuseme sawa. Ndani liko mara ngapi?"

"Mia tatu na nane."

"Una uhakika?"

"Unaniuliza mimi?"

Akapumua. "Tuweke herufi ya kwanza na nukta."

"Hata nukta usiweke. Acha nafasi nyeupe, urefu wa jina."

"Watadhani wino uliisha."

"Wacha wadhani. Sura ya sita itawaeleza, naiandika upya."

"Na wale walio na vitabu vya zamani? Jina liko mle. Mtu akitaka atalipata."

"Akilitafuta atalipata. Lakini asiletewe na mimi."

Akaguna kidogo, na katika kazi yangu kuguna huko nakujua: mtu ameshaamua na sasa anatafuta cha kurudi nacho nyumbani. Nikampa. Nilimwambia sura ya nne nayo nitaifuta, makosa yote sitini na nne, ile aliyoiona ni ndefu tangu mwanzo, na mahali pake nitaandika juu ya stesheni na nani aliyempandisha mamba mtini. Iliniuma. Minazi ya Turkana nilikuwa naipenda.

"Mama, wewe ni mgumu," akasema.

"Leo ndio umejua?"

Nilichukua miezi minne kuandika upya. Nilisema kwamba vitabu vitano vya kwanza viliandikwa na watu wawili, mmoja hakujua kusoma, na kwamba huyo ndiye aliyekuwa na kipaji cha hatari. Nilisema mwandishi aliyebaki alikuwa mwangalifu kwa sababu hakukuwa tena na mtu wa kumbishia. Sikumbembeleza. Nilisema vitabu vyake sita vya mwisho havifikii vile vya kwanza, na bado nadhani ni kweli. Lakini uvivu niliuondoa, nikaupeleka kwenye kuni.

Kisha nikarudi Kajiado kumsomea dada, maana karatasi ya ruhusa ilikuwa bado haina kidole, na bila kidole mchapishaji hawezi kuanza. Ilikuwa alasiri. Tulikaa barazani, upande wenye kivuli, na nyuma yetu mbuzi walikuwa wanalala chini mmoja mmoja. Nilisoma sura ya sita tangu mwanzo. Kila nilipofika kwenye nafasi nyeupe nilisimama kwa muda ambao jina lingechukua, nikaendelea. Mara za kwanza alikaza mkono kwenye fimbo, akisubiri niteleze. Sikuteleza. Mahali fulani karibu na ukurasa wa tano nikasikia kwamba nikisimama, yeye anaitika. "Mmh," kidogo tu, pale penye nafasi, kama unavyoitika mtu akikusimulia jambo la nyumbani.

Nikafika kwenye mto. Nilieleza kijana anavyotoka majini na kwamba hageuki.

"Hapo amevuka?" akauliza.

"Amevuka, yeyo."

"Maji iko mingi?"

"Imemfika kifuani."

"Viatu?"

Nikatoa mkobani kitabu chenyewe cha sita nikatafuta, maana hilo sikuwa nimeliandika. Liko, mstari wa tatu. "Ameviacha upande ule."

"Alikuwa anaacha kila mahali," akasema. "Mama alikuwa anamchapa."

Alikaa hivyo, uso wake umeelekea mahali ambapo kungekuwa na reli. Kwa mbali palikuwa na mng'aro ule wa jua juu ya ardhi, ambao ukiutazama sana unaona maji. Sikumharakisha. Karatasi ilikuwa pajani mwangu na kibweta cha wino kilikuwa mfukoni, na sikukitoa.

"Hiyo kidole yako inataka wapi?" akasema mwishowe.

Nikamwonyesha, nikaushika mkono wake nikauweka juu ya mstari. Akauondoa.

"Ngoja. Rudia kwanza hapo pa mto. Ulisoma mbio, na hapo ni mbali."